Mshipa, Fahamu na Neva: Kuyapima Majina ya Maradhi katika Nchi ya Moshi

Wenye kuandika juu ya Kiswahili hushindana mara nyingi katika jambo la majina ya maradhi. Wa kwanza husema: maneno ya wazee yatosha, tuyashike. Wa pili hujibu: maneno hayo yamejaa pepo na ndege wa usiku, hayafai hospitalini wala shuleni, basi tutwae maneno mapya ya kitaalamu. Katika maradhi ya tumbo au ya ngozi shindano hili halina madhara makubwa, kwa kuwa mgonjwa huweza kuonyesha kwa kidole mahali panapomwuma. Lakini maradhi ya ubongo na ya neva hayaonyeshwi kwa kidole. Mtu hupotewa na mkono, au huanguka ghafula, au hutetemeka, au haisikii ardhi chini ya wayo wake, wala hapana jeraha wala uvimbe. Hapo jina ndilo linalosimama mahali pa jeraha. Jamaa wakishapata jina, ndipo wajuapo waende kwa nani.

Nataka kuyapima baadhi ya majina hayo kama yanavyosikiwa hapa Shirimatunda, katika Manispaa ya Moshi. Mahali hapa pafaa kwa kazi hiyo. Watu wa mlimani husema Kimachame, Kikibosho, Kimochi, Kivunjo au Kirombo, na mtu wa Machame hasikilizani kwa urahisi na mtu wa Rombo. Tena mjini wamo wageni wa makabila mengi. Kwa hiyo mgonjwa akiingia katika chumba cha daktari, aghalabu Kiswahili ndicho daraja la pekee kati yao wawili, na daraja likiwa na ubao mbovu, anayetumbukia ni mgonjwa.

Naona pande zote mbili za shindano hili zimekosea kipimo. Hulipima jina kwa asili yake, wakiuliza, Limetoka wapi? Mimi nasema tulipime kwa mwisho wake: Lampeleka mgonjwa wapi?

Nilifundishwa kipimo hiki na mzee mmoja jirani yetu. Mzee huyu alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na miguu yake ikaanza kufa ganzi. Alikwenda katika zahanati moja nisiyotaka kuitaja, akaambiwa kwa maneno machache kwamba mishipa yake ya fahamu imeharibika, akapewa karatasi na kuagizwa aende hospitali kubwa. Hakwenda. Aliikunja karatasi akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, ikakaa humo miezi mitano. Nilipokwenda kumtazama kwa sababu nyingine, alifunga mlango kwanza, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, “Mwalimu, wamesema fahamu zangu zimeharibika. Nakuomba usiwaambie watoto.” Ndipo nilipoelewa. Wakati ule wanawe walikuwa wakizungumza juu ya mgawanyo wa kihamba, naye aliogopa kwamba wakisikia baba yao ameharibika fahamu, watagawana migomba bila kumsikiliza tena. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Lakini chini ya wayo wa kulia palikuwa na kidonda ambacho hakupata kukisikia, na kabla ya mwezi kwisha alikatwa vidole viwili.

Aliyemwambia maneno yale hakusema uongo. Alisema neno lililomo katika vitabu. Basi na tulitazame neno lenyewe.

MSHIPA. Kamusi za zamani, ile ya A. C. Madan ya mwaka 1903 na ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, zaonyesha wazi kwamba neno hili moja hutumika kwa njia ya damu, kwa kano na kwa neva. Tena ni jina la ugonjwa, kwa maana ngiri na busha nazo huitwa mshipa. Mgeni akisoma hayo hudhani kwamba Waswahili hawakuona tofauti ya mambo. Asiwe mwepesi wa kudharau. Neno la Kiyunani ambalo elimu ya neva yaitwa kwalo ulimwenguni pote lilikuwa kwanza jina la kano na la ugwe wa upinde, na neno la Kilatini vivyo hivyo. Ni Herophilus na Erasistratus, matabibu wa Iskanderia katika karne ya 3 kabla ya Kristo, waliopasua maiti wakatambua kwamba nyuzi zile nyeupe zitokazo katika ubongo na uti si kano wala si njia za damu. Jina la kale halikutupwa, ila lilitiwa maana mpya.

Kwa hiyo silaumu upana wa neno mshipa. Nalaumu njia inayofunguliwa nalo. Mwanamume akiambiwa ana ugonjwa wa mishipa, hudhani ni ngiri, akaona haya kuuliza zaidi. Mwanamke ambaye mkono wake umelegea akiambiwa kwamba mshipa una hitilafu, huenda kwa mchuaji ili mshipa uliojikunja unyoshwe, na mchuaji huchua mkono siku kumi, hali ubaya umo kichwani. Dawa ya kosa hili ni kugawa kazi. Mshipa wa damu ubaki kwa njia za damu, na mwalimu akitaka kupambanua, shule zina ateri kwa ile itokayo moyoni na vena kwa ile irudiyo. Kano ibaki kwa ile ifungayo nyama na mfupa. Na nyuzi za ubongo ziitwe neva. Wala mtu asiseme mshipa peke yake mbele ya mgonjwa, kama vile asivyosema njia peke yake kwa msafiri.

FAHAMU. Hapa ndipo alipoanguka mzee wetu. Waliotunga maneno mishipa ya fahamu walitaka kusema mishipa ipelekayo habari, ambayo kwayo mwili hujua joto na baridi, maumivu na mguso. Nia ilikuwa njema. Lakini katika kinywa cha watu fahamu ni akili inayojitambua. Aliyezimia amepoteza fahamu, na aliyeamka amerudiwa na fahamu zake. Basi mishipa ya fahamu ikiharibika, msikilizaji ahitimishe nini ila kwamba mtu anaingia wazimu?

Tena neno hili halitimizi hata kazi yenyewe ya neva. Neva zina kazi tatu kubwa. Baadhi huleta habari kutoka ngozi, macho na viungo. Baadhi hupeleka amri ya kwenda, kushika na kumeza. Baadhi hutawala bila sisi kujua mapigo ya moyo, jasho na kazi ya matumbo. Katika tatu hizo fahamu yagusa ile ya kwanza tu. Mguu wa mtoto aliyepooza kwa polio hausogei, lakini mtoto husikia akiguswa, kwa kuwa neva za amri ndizo zilizokufa. Kuuita ugonjwa huo wa mishipa ya fahamu ni kuutaja kwa kitu kisichoguswa. Kwa sababu hizi mbili nahukumu kwamba maneno mishipa ya fahamu yabaki katika kamusi kama tafsiri, wala yasitumike mbele ya mgonjwa bila maelezo.

NEVA. Neno hili halimwambii mzee kitu. Ni kama mtu aliyefika kijijini asiye na ukoo. Lakini utupu huo una faida yake, kwani neno lisilosema kitu halisemi uongo. Kosa la walimu wengi ni kulitupa neno hili mbele ya watu na kwenda zao. Yapasa kulipa nyumba ya kukaa. Mimi husema hivi: Neva ni nyuzi nyeupe za mwili. Jozi 12 hutoka katika ubongo wenyewe, na jozi 31 hutoka katika uti, zikigawanyika mpaka kwenye ncha ya kidole. Kisha huwakumbusha mfongo, mfereji ambao wazee wetu waliuchimba kutoka mtoni kuleta maji vihambani. Mfongo ukibomoka juu, mgomba hunyauka chini. Mtu asiyejua huukagua mgomba, akatafuta mdudu katika majani. Ajuaye hupanda akafuata mfereji mpaka mahali palipobomoka. Watu wa nchi hii wakisikia hivyo hawahitaji tafsiri nyingine, nao huelewa kwa nini daktari hupima kichwa hali ugonjwa umeonekana mkononi.

UTI WA MGONGO. Jina hili labeba vitu viwili. Ni mifupa iliyopangwa mgongoni kutoka shingo hata kiuno, tena ni ule ugwe laini upitao ndani ya mifupa hiyo. Vitabu vingine vimeuita ugwe mgongo, nami naona ni jina zuri lipasalo kuenezwa. Mchanganyiko huu umeleta hofu kubwa katika ugonjwa uitwao homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa huo hauko mfupani. Ni uvimbe wa utando ufunikao ubongo na ugwe, na ili kuutambua daktari hutoa maji kidogo mgongoni kwa sindano. Jamaa wengi hukataa. Husema sindano itachoma uti, na uti ukichomwa mtu hufa au hupooza. Kwa jina walilopewa, hofu yao ina hoja. Lakini katika mtu mzima ugwe wenyewe hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, nayo sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano, penye maji na neva zinazoelea tu. Kama tungalikuwa na desturi ya kutaja mfupa kwa jina lake na ugwe kwa jina lake, maelezo haya yangalichukua dakika mbili. Sasa baba wa mtoto huombwa ruhusa katikati ya usiku, naye hasikii ila neno uti.

KIFAFA. Wengi huona ndani ya jina hili mzizi wa kufa, kana kwamba mtu hufa kidogo na kurudi. Wengine wametaka liondolewe kwa sababu hiyo. Nami nalitetea. Jina la Kiyunani ambalo madaktari wa Ulaya hulitumia hata leo lina maana ya kukamatwa, nalo lilizaliwa zama za kudhani kwamba mungu ndiye amkamataye mgonjwa. Hata hivyo, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita mwandishi mmoja wa shule ya Hippocrates alikwisha kuandika kwamba ugonjwa huu hauna uungu kupita maradhi mengine, na kwamba chanzo chake ni ubongo. Jina lilibaki, imani ikaondoka.

Hapa nina neno kwa ndugu wachungaji. Watu wengi wakisikia kifafa huwaza pepo, nao hutaja Maandiko. Lakini soma Mathayo 4:24 katika tafsiri ya Union Version, iliyotolewa kamili mwaka 1952. Watafsiri waliwataja wenye pepo mbali, wenye kifafa mbali, na wenye kupooza mbali, kila kundi kwa jina lake. Neno la Kiyunani lililokuwa mbele yao lahusiana na mwezi, na katika Kiingereza cha zamani lilitafsiriwa kwa neno la wazimu wa mwezi. Watafsiri wetu hawakufuata mwezi wala wazimu. Walichagua jina la ugonjwa ambalo mama yeyote pwani na bara alilijua. Hii ni tafsiri ya kusifiwa. Najua mtu atanijibu kwamba katika sura ya 17 mtoto mwenye kifafa alitokwa na pepo. Ni kweli, ndivyo ilivyoandikwa juu ya mtoto yule. Lakini mwandishi huyo huyo ndiye aliyeyapambanua makundi hayo katika sura ya 4, basi anayefundisha kwamba kila kifafa ni pepo hana ruhusa yake.

Jambo hili si la maneno tu. Huko Mahenge, mwaka 1960, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa. Alikuta wagonjwa wametengwa, wakila peke yao na kulala peke yao, kwa kuwa watu waliamini kwamba ugonjwa huambukiza kwa mate na pumzi. Wengine walikuwa na makovu ya moto, kwa sababu walipoanguka jikoni hakuna aliyethubutu kuwashika. Yeye hakubadili jina. Aliliita kifafa kama wao, akatoa vidonge vya fenobabitoni, na watu walipoona aliyekuwa akianguka haanguki tena, wakaja kutoka mbali. Jina lile lile lililokuwa likimpeleka mgonjwa katika kibanda cha peke yake, likaanza kumpeleka kliniki. Kisichofaa ni kumwita mtu kifafa, kana kwamba ugonjwa ndio jina lake. Aitwe mtu mwenye kifafa, kama Maandiko yalivyoandika.

DEGEDEGE na PEPOPUNDA. Majina haya mawili ndiyo yanayolaumiwa kuliko yote. La kwanza lina ndege ndani yake, kwa imani kwamba kiumbe arukaye usiku hupita juu ya mtoto akamtia mtukutiko. La pili lina pepo waziwazi. Juu ya pepopunda sina hofu nyingi. Mama wajawazito wameyazoea sana majina haya mawili, pepopunda na chanjo, hata moja huita jingine, na sijamsikia mama hapa akitafuta punda wala pepo. Degedege ni jambo jingine. Katika sehemu nyingi za Tanzania watu wameamini kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa, kwa hiyo apelekwe kwanza kwa mganga. Mtoto wa namna hii huenda ana malaria iliyopanda ubongoni, na saa mbili zikipotea hazirudi. Malaria huzidi katika tambarare kuliko juu mlimani, kwa hiyo mama aliyetoka juu akahamia chini huweza kuwa hajapata kuona mtukutiko wa namna hiyo, naye hufuata shauri la jirani wa kwanza. Jina hili kwa kipimo changu limeshindwa. Lakini silipigi marufuku, kwa maana mama atalitumia tu. Nataka mwalimu aliambatanishe siku zote na kitendo: Degedege, hospitali sasa hivi. Wakizoea kulisikia hivyo, jina litapata njia mpya.

KIHARUSI. Neno hili ndilo lililonionyesha kwamba jina peke yake halitoshi kuhukumiwa. Kuanzia mwaka 2003 hata 2006 watafiti waliwahesabu watu waliopatwa na kiharusi katika sehemu mbili, wilaya ya Hai, jirani yetu, na sehemu ya Dar es Salaam. Tena wengine wao waliwauliza watu wanadhani kiharusi hutoka wapi, wakaeleza matokeo mwaka 2008. Huko Dar es Salaam wengi walisema ni pepo au uchawi. Huku Hai wengi walisema ni ugonjwa wa kawaida wenye sababu za mwili, na wagonjwa walianza kwa hospitali. Jina ni lile lile, silabi kwa silabi. Pwani lampeleka mgonjwa kwa mganga, mlimani lampeleka hospitalini. Hata Waingereza, ambao jina lao la ugonjwa huu lina maana ya pigo, hawatafuti aliyepiga.

Basi jina ni kama kibuyu. Hunusa kile kilichotiwa, hata kama kiliumbwa kwa kitu kingine. Sisi wa mlimani tusijivune kwa hesabu hii, ila tuulize ni nani aliyetia. Nadhani ni miaka mingi ya shule, zahanati na mahubiri ya watu wasio na majina, waliosema neno lile lile kwa maana moja mbele ya watu wale wale. Kazi ya namna hiyo haionekani katika kamusi.

KUTETEMEKA. Huko Hai vilevile, katika watu 161,071, watafiti waliwapata watu 33 wenye ugonjwa ambao dunia huuita kwa jina la James Parkinson, tabibu wa London aliyeueleza mwaka 1817. Habari hii ilitolewa mwaka 2008, na wengi wa watu hao walikuwa hawajapata kutambuliwa kabla ya siku hiyo. Walipoulizwa huuitaje, jibu lilikuwa jepesi: ni ugonjwa wa kutetemeka. Jina hili ni la kweli kwa jicho. Halitaji pepo, halitukani mtu. Lakini kwa kipimo changu limelala njiani, kwani halimpeleki mgonjwa popote. Mzee akitetemeka watu husema ni uzee, wakamwacha. Tena halisemi juu ya ugumu wa viungo na uzito wa mwendo, ambavyo humwonea mgonjwa kupita kutetemeka kwenyewe. Sitaki litupwe. Nataka liongezwe sentensi moja: kutetemeka kwa mkono uliotulia, pamoja na mwendo mzito, kuna dawa ya kukupunguza.

KICHAA CHA MBWA. Hapa jina lasema kweli juu ya mbwa na kuficha kweli juu ya mtu. Aliyeumwa hungoja aone kama mbwa ataonekana kichaa, au kama yeye mwenyewe ataanza kufadhaika. Lakini sumu ya ugonjwa huu husafiri polepole ndani ya neva kutoka kwenye jeraha mpaka ubongoni, na ikishafika, na dalili zikionekana, karibu hapana anayepona. Wakati wa kuokoka ni ule ambao hakuna kichaa chochote: kuosha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo dakika 15, na kwenda kuchanjwa siku ile ile. Mwalimu atakayeeleza neva kwa mfano wa mfongo ataeleza na jambo hili pia. Matope yameingia juu ya mfereji, na bado yako njiani.

Mtu asiseme kwamba maneno ya watu wa Afrika hayawezi kubeba elimu. Mwaka 1938 tabibu Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa miguu katika nchi ya Kwango, huko Kongo, ambao Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Miguu hukakamaa kwa siku moja, wala hailegei tena. Mwaka 1985 ugonjwa huo huo ulionekana Tarime, wakati wa njaa, kwa watu waliokula muhogo mchungu usiotengenezwa vya kutosha. Mmoja wa walioueleza ni daktari William Howlett, ambaye baadaye alifundisha hapa Moshi katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo ya kuutambua ugonjwa huo kwa jina la konzo, na leo madaktari wa nchi zote hulitumia. Wala si hilo peke yake, kwa maana chikungunya ni neno la Wamakonde, lililochukuliwa baada ya homa iliyoenea Newala mwaka 1952 na 1953. Maneno hayo yalishinda kwa sababu yalieleza kwa uaminifu kile kilichoonekana, bila kudai kujua aliyekileta.

Howlett huyo huyo alitoa mwaka 2012 kitabu kikubwa juu ya maradhi ya neva katika Afrika, kikiwa na mambo mengi yaliyojifunzwa kwa wagonjwa wa Moshi. Kimeandikwa kwa Kiingereza, nalo si kosa lake, maana madaktari husoma Kiingereza. Lakini wagonjwa ambao kwa miili yao kitabu kile kilipatikana hawawezi kusoma ukurasa mmoja. Kazi ya kuurudisha ujuzi ule kwa lugha yao ni yetu sisi tusemao Kiswahili, nasi hatuifanyi kwa kutunga orodha ya maneno mapya tu.

Kwa hayo yote natoa kanuni tatu. Kwanza, jina lieleze kinachoonekana, lisitaje aliyeleta. Konzo, ganzi, kupooza na kutetemeka yamefaulu hapa. Pili, jina lisimvunjie mtu heshima yake katika nyumba yake, kwa maana atalificha, nalo likifichwa halimsaidii. Hapa mishipa ya fahamu imeanguka, pamoja na kumwita mtu kifafa. Tatu, jina la kale lenye asili mbaya lising'olewe kama lina njia njema, wala jina jipya lisisifiwe kama halina njia.

Mwalimu au mchungaji akiwa pamoja na mgonjwa aliyetoka kwa daktari, asimwulize, “Wamesema nini?” Mgonjwa atarudia neno kama alivyolipewa, na wote wawili wataridhika. Amwulize, “Waliposema hivyo, wewe ulisikia nini?” Mimi sikumwuliza mzee wetu swali hilo mpaka miezi mitano ilipokwisha. Sasa amevaa viatu vipana, kila jioni hutazama nyayo zake kwa kioo kidogo, na kihamba kimegawanywa, yeye mwenyewe akisimama katikati ya migomba na kuonyesha mipaka kwa fimbo.